Kuhamia kijiji cha wastaafu York: mwongozo kamili, kuanzia karatasi hadi kamba ya bafuni

Kila baada ya miezi michache napigiwa simu na familia ya wenzetu walioko kaskazini mwa Uingereza. Mezani kuna barua ya ada ambayo hakuna aliyeitarajia, na mzee ameshalipa, ameshahamia, ameshatundika mapazia. Kosa huwa ni lile lile: waliangalia bei ya kuingilia, hawakuangalia bei ya kutokea.

Mwongozo huu ni wa wale waliokuja zamani, wakatumikia hospitali, mabasi na viwanda, na sasa watoto wameondoka na ngazi za nyumba zimekuwa ndefu. Pia ni wa watoto wanaowasaidia wazazi hao. Nimeuandika kwa ajili ya York kwa sababu ndiko wengi wanakovutiwa: mji mdogo, wa kale, wenye hospitali yake, na treni ya kwenda London ni kama saa mbili tu. Sheria nyingi nitakazozitaja ni za England nzima.

Tuelewane kwanza. Kijiji cha wastaafu si nyumba ya kulelea wazee. Ni fleti au nyumba za chini, kila mtu na mlango wake na ufunguo wake, pamoja na mgahawa, bustani na wahudumu wanaoweza kuitwa usiku. Umri wa kuingia kwa kawaida ni kuanzia miaka 55 au 60.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti ya Uingereza, au uthibitisho wa ukaazi wa kudumu.
- Makadirio ya pensheni ya serikali. Yanapatikana bure kwenye tovuti ya serikali.
- Karatasi za nyumba unayouza, na za nyumba yoyote nyingine unayomiliki popote duniani. Ndiyo, hata ile ya Kigamboni au Kisauni.
- Orodha ya dawa na barua za hospitali za miaka miwili iliyopita.
- Wakili wako mwenyewe, mzoefu wa mikataba ya nyumba za wastaafu. Usimchukue yule unayeelekezwa na muuzaji.
- Futi ya kupimia, daftari, na mtu mmoja wa familia asiyeona haya kuuliza maswali.

Ukikosa wakili, simama hapo hapo. Vingine vyote unaweza kuvipata njiani.

## Hatua ya 1: Thibitisha haki ya kukaa, na haki ya kurudi

Uingereza haina viza ya kuja kustaafu. Njia ya kumleta mzazi kama tegemezi ilibanwa mno tangu tarehe 9 Julai 2012, na mgeni wa viza ya matembezi haruhusiwi kuhamia. Kwa hiyo usimlipie mama aliyeko Mwanza amana ya fleti ukitumaini karatasi zitafuata.

Mwenye ukaazi wa kudumu asiye raia ajihadhari na jambo moja: akikaa nje ya nchi miaka miwili mfululizo, ukaazi huo unapotea. Wapo waliokwenda nyumbani kuuguza ndugu wakajikuta wamefungiwa mlango.

Halafu kuna ule mpango tunaoupenda sana, nusu mwaka hapa, nusu mwaka nyumbani. Upige hesabu kwa makini. Ada ya kijiji inalipwa mwaka mzima, ulale hapo usilale. Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wastaafu wenye kipato kidogo, kwa kawaida husimama ukizidisha wiki 4 nje. Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada wa mwili, husimama ukizidisha wiki 13. Na ukiamua kuishi moja kwa moja Kenya au Tanzania, pensheni ya serikali inaendelea kulipwa lakini haipandi kila mwaka. Inaganda pale ilipo.

Maoni yangu ni haya: kama moyo wako uko Tanga zaidi ya miezi minne kwa mwaka, usinunue kijijini. Kodi fleti ndogo.

## Hatua ya 2: Chagua namna ya kuingia

Kununua kwa hati ya muda. Msomaji wa Tanzania anaielewa haraka, maana nyumbani tuna hati za miaka 33, 66 na 99. Hapa fleti nyingi huuzwa kwa miaka 125 au zaidi. Unamiliki haki ya kukaa, mwenye ardhi ni mwingine, na kila mwezi unalipa ada ya huduma.

Kukodi. Huna cha kuuza baadaye wala ada ya kuondoka, ila kodi hupanda. Baadhi ya vijiji na mashirika ya nyumba hukodisha.

Kulipia huduma ya baadaye tangu mwanzo. York ina mfano unaojulikana nchi nzima: Hartrigg Oaks, pembeni mwa kijiji cha New Earswick kaskazini mwa jiji, uliofunguliwa 1998 na taasisi ya nyumba ya Joseph Rowntree. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake Uingereza: nyumba za chini zikizunguka kituo chenye makao ya uuguzi humo humo, na wakazi wakichangia mfuko mmoja wa matunzo, mzima akimbeba mgonjwa, kama tunavyochangiana kwenye chama cha kufa na kuzikana. Mipango ya namna hii hutaka uingie ukiwa na afya. Ndiyo maana nawaambia watu waanze kuulizia wakiwa na miaka 65. Wakisubiri 82, nafasi nyingi zimeshafungwa.

Nyumba za wakfu. Hapa York inatuzidi miji mingi. Ndani ya jiji kuna nyumba za kale zilizotolewa wakfu kwa wazee wenye kipato kidogo, kama zile za Lady Hewley pale St Saviourgate. Watu wa pwani hawahitaji kuelezwa wakfu ni nini. Mkazi si mpangaji kisheria. Anakaa kwa idhini ya wadhamini na huchangia kila wiki. Nafasi ni chache na kila mfuko una masharti yake, lakini kuomba hakugharimu kitu.

Umemaliza hatua hii pale unapoweza kumweleza mtu kwa sentensi moja: "Nitaingia kwa njia hii, na nikiondoka nitarudishiwa hiki."

## Hatua ya 3: Usomeshwe na ramani ya York, si na picha

Mji wa kale ni mzuri kwa macho na mgumu kwa magoti. Kuta za jiji zina urefu wa kilomita 3.4, na sehemu nyingine hazina hata pa kushikilia. Mtaa wa Shambles ni mwembamba, na njia nyingi za katikati zimetandazwa mawe yasiyolingana. Nilimwona mama mmoja akisukuma kigari chake cha kutembelea pale Stonegate: kila hatua gurudumu la mbele lilinaswa kati ya mawe mawili, akawa anakiinua kama mtu anayevuka mfereji. Alikuwa amenunua fleti dakika tano kutoka hapo kwa sababu "kila kitu ni karibu."

Angalia mambo manne.

Mafuriko. Mito ya Ouse na Foss inakutana ndani ya jiji. Desemba 2015 mamia ya nyumba ziliingia maji. Andika postikodi ya jengo kwenye ukurasa wa serikali wa hatari ya mafuriko, kisha muulize meneja maji yalifika wapi mwaka huo. Ghorofa ya tatu haikuokoi kama lifti na mitambo ya umeme viko chini.

Jengo la kihistoria. Kama limeorodheshwa kuwa urithi, huwezi kubadili dirisha wala kuvunja ukuta bila kibali maalumu cha halmashauri. Matengenezo yake ni ghali, na bili huingia kwenye ada yako. Mwenye kupenda kuta za mawe aende kuzitazama Jumapili, kisha alale kwenye jengo la miaka ya karibuni.

Usafiri. Ukifikia umri wa pensheni ya serikali unapata kadi ya basi la bure, kuanzia saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi. Kadi haina maana kama kituo kiko juu ya mlima. Tembea wewe mwenyewe kutoka mlangoni hadi kituoni, ukihesabu dakika. Magari huzuiwa mitaa mingi ya katikati nyakati za mchana, hivyo usitegemee kushushwa mlangoni mwa duka.

Watu wako. York si Leicester wala London. Msikiti uko Bull Lane. Makanisa yapo tele. Lakini kwa unga wa muhogo, ndizi za kupika au samaki wakavu utajikuta kwenye treni ya Leeds, chini ya nusu saa, kuelekea soko la Kirkgate. Kwa wengine hiyo ni safari ya furaha. Kwa mtu anayesikia upweke haraka, jambo hili ni zito kuliko mandhari yoyote.

## Hatua ya 4: Tembelea mara tatu, na moja iwe siku ya mvua

Ziara ya kwanza utaoneshwa fleti ya mfano yenye maua mezani. Ifurahie, usisaini chochote. Wakikuomba amana ya kushikilia nafasi, pata kwanza maandishi yanayosema inarudishwa ndani ya siku ngapi.

Ziara ya pili nenda saa sita mchana, ule kwenye mgahawa, ukae na wakazi bila muuzaji. Wasalimie, waulize: ada ilipanda kiasi gani mwaka jana? Nani aliuza karibuni, na alisubiri muda gani? Ukiita usiku, anakuja mtu au inajibu simu ya mbali? Wazee wa Yorkshire husema mambo wazi. Utaondoka na habari nyingi kuliko kitabu chote cha matangazo.

Ziara ya tatu iwe jioni ya mvua. Angalia taa za njia, utelezi, na kama lifti inafanya kazi.

Ndani ya fleti, fungua bafu kabla ya kitu kingine. Tafuta ile kamba nyekundu ya kuitia msaada. Inatakiwa ishuke hadi karibu na sakafu, kwa sababu mtu aliyeanguka yuko sakafuni. Mara nyingi nimeikuta imefungwa fundo juu, karibu na bega, ili isimsumbue anayepiga deki. Fundo lile linakueleza namna jengo linavyosimamiwa. Vuta kamba, kwa ruhusa, uhesabu sekunde hadi sauti ijibu.

Kisha pima mlango wa bafu na wa chumba kwa futi. Muulize mtaalamu wa tiba kwa vitendo wa halmashauri upana unaohitaji kwa kiti cha magurudumu; usikubali jibu la muuzaji kwamba "unatosha." Jikoni, washa feni ya kutoa moshi. Nyumba inayopika dagaa na vitunguu kila siku inahitaji feni inayotoa hewa nje, siyo inayoizungusha ndani.

Na uliza habari za wageni. Mikataba mingi huweka kikomo cha usiku ambao mgeni anaweza kulala, na humkatalia kuishi hapo mtu aliye chini ya umri wa kuingia. Kwetu mjukuu huja likizo nzima, na shangazi akija hasemi anarudi lini. Sharti hili limevunja mioyo kuliko ada.

Umefanikiwa ukiondoka na majina ya wakazi watatu watakaokupokea tena ukibisha hodi.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya kutokea

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nenda polepole.

Tafuta kwenye mkataba maneno haya yalivyo kwa Kiingereza: *deferred management fee*, *event fee*, *exit fee*, *contingency fund*, *sinking fund*. Yote yanaweza kumaanisha fedha itakayokatwa nyumba ikiuzwa, ukiwa hai au umeshafariki. Vijiji vingine hukata asilimia ndogo, vingine hufika asilimia 30 kadiri miaka inavyokwenda. Uliza pia: ni asilimia ya bei uliyonunulia au ya bei utakayouzia?

Chukua mfano wangu. Fleti ya pauni 300,000, ada ya huduma pauni 700 kwa mwezi, ada ya kuondoka asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Miaka kumi baadaye inauzwa pauni 280,000, baada ya kukaa tupu miezi 14.

- Ada ya kuondoka: pauni 56,000.
- Dalali kwa asilimia 2: pauni 5,600.
- Ada ya huduma ya miezi 14 ya kusubiri mnunuzi: pauni 9,800.
- Kinachobaki: pauni 208,600.

Hiyo miezi 14 ndiyo watoto huisahau. Mzee amefariki, fleti iko tupu, na ada inaendelea kuhesabiwa kwenye urithi hadi mnunuzi apatikane. Tena pauni 84,000 za ada ya miaka kumi zilishalipwa, na hapo sikuongeza kupanda kwake.

Sisemi ni wizi. Ada ile ililipa bustani, bima ya jengo, mhudumu wa usiku na paa. Kuna wazee ambao miaka yao kumi kijijini ilikuwa bora kuliko ishirini iliyotangulia. Ninachosema ni kwamba hesabu hii ifanywe mezani, na watoto wote wawepo, kabla ya saini.

Ongeza kodi ya ununuzi. Kwa viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2025, pauni 125,000 za mwanzo hazikatwi, kutoka hapo hadi 250,000 ni asilimia 2, na zaidi ya hapo asilimia 5 hadi 925,000. Fleti ya 300,000 inadai pauni 5,000.

Onyo kwa mwenye nyumba Afrika Mashariki. Ukinunua hapa huku una nyumba nyingine popote duniani yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, unaongezewa asilimia 5 ya bei yote, isipokuwa kama unauza makazi yako makuu na kuyabadilisha na haya. Kwa mfano wetu hizo ni pauni 15,000 zaidi. Mwambie wakili ukweli wote kuhusu nyumba ya nyumbani. Kunyamaza hakusaidii.

Na usikimbilie kumwandikisha mtoto nyumba ili ionekane huna kitu. Ukija kuhitaji msaada wa halmashauri kwa matunzo, wao huangalia akiba na mali: ukiwa na zaidi ya pauni 23,250 unajilipia mwenyewe. Wakiona ulitoa mali makusudi ili kukwepa malipo, wanakuhesabia kama bado unayo.

## Hatua ya 6: Mpe wakili maswali, si karatasi tu

Wakili asipoulizwa husoma mkataba kama mkataba. Mpe orodha hii:

1. Imebaki miaka mingapi kwenye hati?
2. Je, kuna kodi ya ardhi? Kwa hati mpya za nyumba za wastaafu ilifutwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2023. Fleti ya mitumba yenye hati ya zamani inaweza kuwa bado nayo.
3. Ada ya huduma hupandishwa kwa kanuni gani, na bajeti za miaka mitatu iliyopita zinasemaje?
4. Naruhusiwa kupangisha nikiwa safarini au nyumba isipouzika?
5. Nikihitaji uuguzi wa saa 24, nabaki au naondoka?
6. Nani hutoa huduma ya kuogesha na kuvisha, na ripoti yake ya CQC inasemaje?

Hiyo CQC ndiyo tume inayokagua huduma za matunzo England. Ripoti zake zinasomeka bure. Kuhusu kijiji chenyewe, uliza kama mwendeshaji ni mwanachama wa ARCO, chama chenye kanuni zinazomlazimu kueleza ada zote mapema. Mwenye shaka ya mkataba anaweza pia kupata ushauri wa bure kwa shirika la LEASE.

Wakili akujibu kwa maandishi. Jibu la simu halikai kwenye faili.

## Hatua ya 7: Nyaraka za mwili na za fedha

Kabla ya kuhama, tengeneza Lasting Power of Attorney, yaani hati ya kumpa mtu unayemwamini mamlaka ya kukuamulia. Ziko mbili: moja ya fedha na mali, nyingine ya afya na matunzo. Zinafanywa wakati akili ya mzee bado ni timamu. Akili ikishatetereka mlango huo umefungwa, na familia hulazimika kwenda mahakamani. Usajili huchukua wiki nyingi, basi usingoje mwezi wa kuhama.

Omba pia Attendance Allowance kama mzee amehitaji msaada wa mwili kwa miezi 6 au zaidi. Haiangalii akiba wala pensheni. Mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki. Wazee wetu hushindwa fomu hii kwa adabu zao wenyewe: wanaandika "najitahidi, namshukuru Mungu." Andika siku mbaya ilivyo. Andika kwamba kufunga vifungo kunachukua dakika ishirini, kwamba usiku anaamka mara tatu na anashikilia ukuta.

## Hatua ya 8: Kuhama na wiki za mwanzo

Peleka kitanda, kiti anachokipenda, sufuria zake na mkeka wake kwanza. Usiku wa kwanza chumba kinuke nyumbani.

Wiki hiyo hiyo msajili kwa daktari wa karibu, na kama anaishi peke yake dai punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri. Bima ya jengo imo kwenye ada, ila ya vitu vya ndani hukata mwenyewe.

Kwa mwezi mmoja, panga mtoto au jirani wa zamani apige simu kila siku saa ile ile. Mwambie mzee ale mgahawani mara mbili kwa wiki hata kama chakula hakina chumvi, kwa sababu urafiki huanzia hapo. Mwezi wa pili apike yeye, awaalike wawili.

Mwaka ukiisha, dai kwa maandishi muhtasari wa matumizi ya ada ya huduma. Sheria ya 1985 ya wenye nyumba na wapangaji inampa mwenye hati haki hiyo, na haki ya kuona risiti. Ada ikionekana kubwa kupita kiasi, lipo baraza la kisheria linaloamua kama ni halali. Nenda na wenzako wa jengo, mtu mmoja asiende peke yake.

Na kila unapomtembelea, kabla hujakaa, ingia bafuni. Kamba ikiwa imefungwa fundo, ifungue.